Tulipopanga Safari ya Bagamoyo

Leo sikuletei somo la fiqhi wala tafsiri. Nataka kukusimulia jinsi mtu mzima, mwenye mvi na wanafunzi, alivyokaa kupanga safari ya siku chache tu, na safari hiyo ikamfundisha kabla hajafunga mzigo.

Mwaka jana nilipata barua kutoka Korea ya Kusini. Aliyeiandika ni kijana niliyemsomesha Juzuu Amma hapa Ujiji, na leo yuko huko akiongeza elimu yake ya uhandisi. Alinieleza kuwa alipata mapumziko ya siku mbili akaenda kuutembelea mji wa kale uitwao Gyeongju, uliokuwa makao ya wafalme wa Silla kwa muda wa karibu miaka 1,000, hadi mwaka 935. Wafalme hao wamezikwa chini ya vilima vya udongo vilivyoota majani, na vilima hivyo vimo mjini humo humo, watu wanapita kando yake wakienda kwenye shughuli zao. Kwa kuwa anajua ninavyopenda habari za wanazuoni wa zamani, akanikumbusha kwamba Ibn Khurdadhbih, mwandishi wa karne ya 9, aliitaja nchi hiyo katika kitabu chake cha njia na falme, akaeleza kuwa Waislamu waliofika huko waliipenda hata wakafanya makazi.

Lakini habari iliyonishika moyo haikuwa hiyo. Kijana wangu aliungama kwamba alikwenda na orodha ya mahali ishirini. Siku ya kwanza alikimbia tangu asubuhi hadi magharibi, na usiku alipolala hakuweza kukumbuka hekalu lipi lilikuwa lipi. Siku ya pili akaitupa orodha, akaketi penye kilima kimoja. Hapo akawaona watoto wa shule wamekaa na madaftari yao, mwalimu wao kati yao, wanaandika na kuulizana asubuhi nzima juu ya kaburi moja tu. Akamaliza barua kwa swali: "Maalim, watoto wa Ujiji watakaa hivi lini?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinitia haya. Nimesomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimewafundisha watoto njia ya kutoka Makka kwenda Madina, wanaijua Badri na Uhudi kama wanavyoujua mwalo wanakonunua dagaa. Lakini sijapata hata siku moja kuwachukua mpaka pale penye kumbukumbu ya Livingstone, mwendo mfupi tu kutoka madrasani, nikawaeleza kwa nini wageni wanatoka nchi za mbali kuja kupapiga picha. Nilikuwa nikijisemea kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Kumbe hayo ni mambo ya mji wangu, ila niliwaachia Wazungu wayasimulie.

Basi nikaamua tufanye safari. Wanafunzi kumi na wawili, wavulana saba na wasichana watano, mwalimu wetu wa kike, kijana mmoja wa kutusaidia, na mimi. Jumla watu kumi na watano. Na mji niliouchagua ni Bagamoyo.

Huenda ukauliza, kwa nini Bagamoyo na si Kilwa au Unguja, kwenye magofu na majumba makubwa zaidi? Nilichagua hivyo kwa sababu Ujiji na Bagamoyo ni ncha mbili za kamba moja. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia kwetu ziwani; kisha wengine wakapanda mitumbwi na majahazi kwenda ng'ambo, Manyema. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Stanley alianzia Bagamoyo mwaka 1871, na kwetu ndiko alikomkuta Livingstone mwezi wa Novemba. Livingstone alipokufa mwaka 1873, watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tena mwaka 2006 Tanzania iliipeleka UNESCO orodha ya vituo sita vya njia hiyo, ili vifikiriwe kuwekwa katika urithi wa dunia: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mtoto wa Ujiji akifika Bagamoyo, kwa hakika anautazama mji wake kutoka upande wa pili.

Nikachukua kalamu nikaandika mahali pa kuzuru. Usiku ule nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi. Niliandika magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, boma la Wajerumani, jengo la misafara, misheni ya Wakatoliki, makaburi, ufukwe, soko la samaki, chuo cha sanaa, misikiti, na mengineyo, jumla mahali kumi na vinne kwa siku mbili. Asubuhi nikamsomea mama watoto. Akasikiliza mpaka mwisho, huku anapepeta mchele, kisha akaniuliza: "Bwana, watoto hawa unawapeleka kuona au unawapeleka kukimbia?"

Nikaikumbuka barua ya Korea. Mimi niliyeisoma na kuicheka orodha ya mwanafunzi wangu, nilikuwa nimeandika orodha iyo hiyo. Ndivyo ilivyo nafsi ya binadamu: kosa la mwenzio unaliona lina miguu na mikono, la kwako unaliita mpango.

Basi tukaanza upya, na safari hii sikupanga peke yangu. Niliwaita wazazi na walimu wenzangu, tukakaa barazani baada ya sala ya Alasiri. Nitakueleza tuliyokubaliana, kwani huenda na wewe una nia ya kuwachukua vijana wako mahali.

Jambo la kwanza lilikuwa nia. Tulimtaka kila mwanafunzi aseme kwa kinywa chake anakwenda kutafuta nini. Mmoja akasema anataka kuiona bahari, kwani ameambiwa ni ziwa lisilo na ng'ambo na maji yake hayanyweki. Tukacheka, lakini tukaiandika. Mwingine akataka kuona msikiti wa zamani kuliko yote aliyopata kuiona. Asiye na la kutafuta hurudi na picha nyingi na habari chache.

Jambo la pili lilikuwa wakati. Masika tuliyakataa, kwa sababu mvua kubwa za Machi mpaka Mei huharibu njia na kuwafungia watu ndani. Mwezi wa Juni shule hufungwa, jua la pwani limepoa, na mzazi hatanung'unika kuwa mwanawe amekosa masomo. Tena tukapima saa badala ya kupima mahali. Kaole iko kiasi cha kilomita tano kutoka mjini, basi iwe asubuhi na mapema kabla ya jua kali. Adhuhuri watu wale, wasali na wapumzike. Alasiri twende mahali pamoja, si zaidi. Baada ya Magharibi kila mtu aandike aliyoyaona, na asiyeweza kuandika asimulie.

Jambo la tatu lilikuwa uongozi na masurufu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata wasafiri watatu wamfanye mmoja wao amiri; sembuse kumi na watano wenye watoto ndani yao! Mwalimu wa kike tukampa uamiri wa wasichana, na neno lake katika mambo yao ndilo la mwisho, hata juu ya neno langu. Fedha za michango tukampa mama mmoja muuza mawese, kwa sababu mahesabu yake hayajapata kupotea hata senti. Njiani tutabeba mikate, mihogo ya kuchoma na dagaa wa kukaanga. Kutoka Kigoma tutapanda garimoshi, kwa reli ile ya kati iliyofika kwetu mwaka 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar es Salaam. Mtu wa haraka angeweza kuteremka Dodoma akapanda treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria baina ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024. Lakini nilitaka watoto waipite nchi polepole, wajue kuwa safari ambayo kwetu ni ya siku mbili tatu, kwa wazee wetu ilikuwa ya miezi.

Mpaka hapo mambo yote yalikwenda vizuri. Nikawakusanya wanafunzi, nikawasomea ratiba mpya. Nilijiona nimetengeneza kazi safi. Nikawaeleza juu ya pembe za ndovu zilizotoka Manyema, juu ya nguo na shanga zilizotoka pwani, juu ya Wajerumani walioifanya Bagamoyo makao yao makuu mpaka mwaka 1891. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja, mwenye miaka kumi na mitatu, akanyoosha mkono.

"Maalim, umetaja pembe, umetaja nguo, umetaja Wazungu na Waarabu. Watu waliofungwa minyororo umewaweka siku gani?"

Msomaji wangu, nilitazama karatasi. Katika ratiba yangu jengo la misafara lilikuwa limepewa robo saa. Robo saa, baada ya sala ya Alasiri, kabla ya kwenda ufukweni kucheza. Nikamjibu kwamba tutalizungumza wakati wake, nikafunga kikao kwa dua. Lakini nilijua kuwa sikumjibu. Nilimkimbia.

Sasa sina budi nikwambie kwa nini nilimkimbia.

Katika mji wetu yako maneno ambayo mtu mwenye adabu hayasemi. Tuko Waha na Wajiji, tuko Wamanyema na Wabembe, tuko wenye damu ya Waarabu na ya pwani. Tumeoana, tumezikana, tumeswali safu moja. Na kwa sababu hiyo hapaulizwi nani aliletwa na nani alimleta. Kumwambia mtu kuwa bibi yake alikuwa mtumwa ni matusi ambayo zamani yaliweza kutoa kisu alani. Wazee wetu waliona salama iko katika kunyamaza, na mimi siwalaumu, kwani walikuwa na kazi ya kuishi pamoja.

Lakini bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alinieleza jambo usiku mmoja nilipokuwa kijana, naye karibu na mwisho wake. Mama yake alizaliwa ng'ambo ya ziwa, ndani ya Manyema. Akiwa mtoto wa kuchota maji, kijiji chao kilivamiwa. Wakatembezwa mpaka ziwani, yeye na kaka yake, wakavushwa kwa mtumbwi mpaka Ujiji. Hapo yeye akabakizwa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akafundishwa kupika, akasilimu, akaolewa, akazaa. Kaka yake akaunganishwa na msafara uliokuwa unakwenda pwani. Yule dada alisimama nyuma ya ua wa nyumba akausikia mlio wa ngoma ya msafara ukififia kuelekea mashariki. Hakupata habari zake tena mpaka alipokufa. Jina la kaka huyo halikutufikia, kwa sababu kila alipotaka kulitaja alilia, na watoto wake wakaacha kumuuliza.

Hilo ndilo lililokuwa ndani ya robo saa yangu. Nilikuwa nawapeleka watoto wa watu Bagamoyo, mwisho wa njia ile aliyoipita mjomba wa bibi yangu, nami nimepanga tupite hapo mbio kama wapitao penye harufu mbaya.

Na liko jambo jingine lililonizuia. Nyumba ile ya mfanyabiashara inajulikana. Mjukuu wa mwenye nyumba ni mzee mwenzangu, jirani yangu, tuliyesoma naye ubao mmoja. Watoto wa watoto wake wawili wamo katika wale kumi na wawili. Nikisema, nitakuwa nimemtia aibu mtu ambaye hajanifanyia ila wema. Nikinyamaza, nitakuwa nimemdanganya binti aliyeuliza swali la haki. Nilikaa siku tatu bila ya usingizi mwema.

Siku ya nne nikamwendea, baada ya Isha. Nilimkuta barazani anaota upepo wa ziwa. Nikamweleza lote, bila ya kupunguza. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani nimevunja udugu wa miaka hamsini na zaidi. Kisha akasema:

"Sheikh, wewe unadhani mimi silijui? Baba yangu alinieleza. Alinieleza kwa kuogopa, kama mtu anayeacha deni. Mimi nimekuwa nikikungojea wewe uanze."

Nikamuuliza: "Kwa nini ulingoja?"

"Kwa sababu ukianza wewe ni habari. Nikianza mimi ni majigambo."

Tukalia kidogo, wazee wawili, kisha akamwita mkewe atuletee chai. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kuwa watoto wake waambiwe, na waambiwe na yeye, kabla hatujaondoka Ujiji, wasije wakayasikia ugenini kwa mdomo wa mtu asiyewapenda.

Ndugu msomaji, nataka nikuombe usiharakishe kunijibu kwa majibu ambayo mimi mwenyewe niliyatumia miaka mingi. Nilikuwa nikisema: biashara ile ilikuwa ya Wazungu. Ni kweli kwamba Wazungu waliwauza watu wengi mno katika bahari ya magharibi, na kwamba wanunuzi wa pembe walikuwa Ulaya, Marekani na Bara Hindi. Lakini misafara iliyoingia Manyema kutoka Ujiji iliongozwa na watu waliokuwa wakisali. Dini yetu ilifungua milango mingi ya kumwacha mtumwa huru: kafara ya kiapo, kafara ya kuua kwa makosa, fungu katika zaka, na malipo makubwa kwa anayefanya hivyo kwa radhi ya Mola wake. Na Mtume (S.A.W.) amemtaja anayemuuza mtu huru akala thamani yake kuwa ni katika wale ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Haya nilikuwa nikiyasomesha kila mwaka. Nilichokuwa sifanyi ni kuyasomesha yakiwa na jina la Ujiji ndani yake.

Vile vile si vema tukamtia kila mtu katika kapu moja. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, mabingwa wa kazi yao. Watu wengi waliotoka Manyema hawakufika pwani kamwe. Walibaki Ujiji na Tabora, wakawa wakulima, mafundi, walimu, na ndio sisi. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa na kuzuia kusafirishwa kwao baharini, lakini bara mambo yaliendelea kwa miaka mingi. Katika Tanganyika utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922. Huo ni wakati ambao bibi yangu alikuwa msichana anayecheza kombolela. Si habari za Firauni hizi. Ni habari za juzi.

Na yuko mtu mmoja aliyenipa moyo kuliko wote, ambaye kwa kweli nilipaswa kumkumbuka mwanzo. Ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa upande ule ule wa Manyema, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa, akalelewa katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lamki. Mtoto yule akasoma. Akasoma mpaka waliokuwa mabwana wakakaa mbele yake wafundishwe. Akawa kiongozi mkubwa wa tariqa ya Qadiriyya, na mpaka alipofariki mwaka 1931 Bagamoyo ilikuwa mahali pa kuendewa kwa elimu. Fikiri, msomaji: njia ile ile iliyomchukua mjomba wa bibi yangu asirudi, ilimchukua na mtoto huyu. Aliyemfikisha pwani alimhesabu kuwa ni mali. Mwenyezi Mungu akamfanya mwalimu wa mji.

Lakini habari yake haifuti ile ya kwanza. Mmoja aliinuliwa, na wengi hatujui walilala wapi. Watoto nitawaambia zote mbili, kwa sababu anayeambiwa ile njema peke yake atadhani dhuluma ni daraja la kupandia, na anayeambiwa ile mbaya peke yake atavunjika moyo.

Basi tukaiandika ratiba mara ya tatu, na hii ndiyo tutakayoifuata, tukijaaliwa.

Siku moja kabla ya kuondoka itakuwa ya Ujiji. Tutaanza penye kumbukumbu ya Livingstone, niwaonyeshe miembe, niwaambie kuwa mwembe wenyewe wa siku zile haupo tena. Kisha tutateremka mpaka ziwani. Nitawaeleza kuwa maji ya Tanganyika hupanda na kushuka: mwishoni mwa karne ya 19, baada ya mto Lukuga kufunguka, yalishuka sana yakauacha ufuo wa zamani mbali, na katika miaka ya karibuni yamepanda tena, yakaingia katika nyumba za watu na penye soko la Kibirizi. Ufuo waliouona wazee wao si huu wanaouona wao. Hapo mzee mwenzangu atawasimulia habari ya nyumba yao, nami nitasimulia ya bibi.

Garimoshi likisimama Tabora, tutawaonyesha upande iliko Kwihara, kituo kikubwa cha kati cha njia ile. Hatutateremka. Si kila mahali pa maana lazima pakanyagwe. Pengine yatosha kujua umepita jirani ukatoa salamu.

Kutoka Dar es Salaam tutakwenda Bagamoyo kwa basi, kiasi cha kilomita 70, tulale hapo usiku mbili katika nyumba ya wageni ya kawaida. Asubuhi ya kwanza tutakuwa Kaole, penye magofu ya misikiti miwili na makaburi ya nguzo. Huko Uislamu ulikuwapo tangu karne ya 13, kabla ya Sultani wa Oman na kabla ya biashara ile, na watoto wajue kuwa dini yao pwani haikuanza na minyororo. Pale tutavaa adabu ya makaburini: hakuna kukalia kaburi, kupanda nguzo wala kuokota kigae cha chombo cha kale kukitia mfukoni. Alasiri tutakwenda jengo la misafara, na robo saa imekuwa saa mbili na nusu.

Asubuhi ya pili tutakwenda misheni iliyoanzishwa na mapadri mwaka 1868, walikokuwa wakiwakomboa watoto watumwa na kuwapa makazi. Wazazi wawili walilipinga hilo. Niliwajibu kuwa anayetenda wema kwa mtoto aliyenyang'anywa mama yake, hatupungukiwi na kitu tukimshukuru. Hatuendi kubadili kibla. Kisha tutamzuru Sheikh Ramiya. Alasiri ya mwisho haina kitu. Tumeiacha tupu kwa makusudi, watoto wakae ufukweni waitazame bahari, na yule aliyetaka kuonja maji ya chumvi aonje.

Mahali kumi na vinne pamekuwa vitano, na sijapata kujuta.

Ukinitaka ushauri wa kupanga safari kama hii, msomaji wangu, nitakupa huu mmoja tu. Ukishaandika ratiba yako, itazame uone ni mahali gani umepapa muda mfupi kuliko pote, kisha ujiulize kwa nini. Pengine kweli pana machache ya kuona. Lakini pengine ndipo ulipopaswa kwenda tangu mwanzo. Wazee wetu husema mkataa kwao mtumwa. Nimekuwa nikilitumia neno hili kuwakemea vijana wanaoona haya kusema kuwa wametoka Kigoma, kumbe nami nilikuwa nikikataa nusu ya kwetu kila siku.

Yule binti nimemwita, nikamwomba radhi kwa kumkimbia, nikamwambia siku aliyoiuliza imepatikana. Akaniuliza kama anaweza kuandika jina la yule kaka katika daftari lake. Nikamwambia hatunalo. Akafikiri, akasema ataacha mstari.

Na mzee mwenzangu alikuja juzi, na fimbo yake, akiwa amebeba fedha za nauli katika kitambaa. Anasema miguu yake si mizuri, lakini garimoshi halihitaji miguu. Anataka tusimame wote wawili kwenye ufukwe wa Bagamoyo, yeye mjukuu wa mwenye nyumba na mimi kitukuu wa aliyebakizwa ndani yake, tumwombee dua mtoto yule aliyeendelea na njia. Basi tumekuwa watu kumi na sita.

Tuombee safari njema. Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum.